Dokta Roger wa Usumbura

Nianze na uongo wangu mwenyewe, maana nisipoanza nao mimi, wengine watauanza. Mwaka wa Uhuru niliwaambia watu wa Rumonge kwamba moyo wangu umetibiwa na dokta mmoja wa Usumbura, mji mkuu, anayeitwa Dokta Roger. Nikasema ana upara, ana miwani ya dhahabu, amesoma Ulaya miaka tisa na hapendi kuongea sana. Hakuna hata kimoja cha kweli. Dokta Roger hajazaliwa. Nilimzaa mimi, Sikujua ndilo jina langu, kwa kinywa changu, mchana kweupe, nimekaa kwenye kiti mbele ya dispensari.

Aliyenitibu ni mukwe wangu Lukeba, mume wa binti yangu Esperance. Na hapo ndipo ilipo shida yote.

Sisi ni watu wa ng'ambo, wa Fizi. Tulivuka ziwa, tukapata kazi na mashamba huku Rumonge, lakini adabu zetu hatukuziacha kule. Kwetu mukwe na mama mukwe hawaangaliani. Nikija njiani, yeye anaingia majanini mpaka nipite. Hanipi mkono, hali mbele yangu. Akiwa na neno anasimama nje, nyuma ya ukuta, analisema, na mimi namjibu nikiwa ndani. Mtasema ni ushamba. Haya, semeni! Miaka sita hatukukosana hata siku moja, na wangapi kati yenu wanaweza kusema hivyo juu ya wakwe zao?

Lukeba alikuwa muforoma wa dispensari, yaani yule wa kuchoma sindano na kufunga vidonda. Miaka minane alimbebea sinia la vyuma dokta Mubiligi, yaani Mbelgiji. Sasa huyo Mubiligi alikuwa na kazi moja aliyoipenda kuliko zote. Mtu akijaa maji katika ule mfuko unaozunguka moyo, moyo unabanwa, unashindwa kupiga. Mubiligi alikuwa anachukua sindano ndefu, anaipitisha chini ya mfupa wa kifua, anaielekeza kwenye bega la kushoto, anayavuta maji. Aliifanya mara nne tu, na mara zote nne Lukeba alishika beseni na macho yake hayakutoka kwenye ile mikono.

Halafu akaanza kujifunza peke yake. Kila Jumamosi alikuwa anakwenda kwa muuza nyama kununua moyo wa ng'ombe ukiwa bado ndani ya mfuko wake. Anaujaza maji, anaufunga ndani ya kikapu, anafunika kitambaa, anachoma. Maji yakitoka bila sindano kuukwaruza moyo, amefaulu. Moyo ukikwaruzwa, anaweka alama kwenye daftari na kuanza upya. Esperance anasema mwaka ule walikula mioyo mpaka mutoto wao Pascasie akawa analia akiona sahani.

Mwezi wa sita mwaka wa sitini na mbili Mubiligi akafunga masanduku, akarudi kwao. Dokta mwingine hatukupewa. Na mwezi huohuo mimi nikaanza kuvimba miguu.

Kwanza nilisema ni kazi. Mimi nauza mawese, nasimama toka asubuhi, mapipa yanatoka Kizuka nayapokea mwenyewe. Halafu nikashindwa kulala chali. Nikilala, pumzi inakatika. Nikawa nakaa usiku na mchana nimeinama mbele, nimekumbatia mto. Jirani yangu sokoni, Kulthumu, mke wa Aruna muvuvi, yule anayeuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, akaja kuniangalia akaanza utani wake.

"Weye Sikujua, shingo imekuwa na mishipa kama ya jogoo anayetaka kuwika. Unamgombeza nani usiku?"

"Nakugombeza weye, unayenipunjia ndagala."

"Basi pona, tugombane vizuri," akasema. Lakini nilimuona akifuta macho mlangoni.

Siku moja kabla ya sherehe za Uhuru, Esperance akaja na mume wake. Yeye akaingia, mume akabaki nyuma ya ukuta kama kawaida. Nikasikia sauti yake.

"Mama, amahoro."

"Amahoro, Baba Pascasie."

"Mama, Esperance amenieleza. Amekushika mushipa wa mukono. Ukivuta pumzi, mushipa unapotea. Ni maji. Yapo kwenye mufuko wa moyo."

"Basi niletee dawa."

Esperance ndiye aliyejibu, na machozi yanamtoka. "Mama, dawa peke yake haifiki kwa wakati. Lazima yavutwe, kesho au keshokutwa. Na wa kuyavuta hapa ni yeye peke yake."

Wacha niseme kweli: nilikasirika. Sikukasirikia ugonjwa, nilimkasirikia binti yangu. Mukwe wangu anione kifua? Anishike? Nitakwendaje kanisani? Nitapita wapi Rumonge hii? Nikamwambia Esperance bora nife na nguo zangu mwilini, na anitolee huyo bwana ukutani kwangu.

Nikalala nimekaa, kama siku zote. Asubuhi ngoma zikaanza kule uwanjani, watu wanapiga vigelegele, nchi imepata bendera yake. Mimi nikajaribu kusimama nione hata kidogo kupitia dirisha. Nilihesabu hatua nne, nikaanguka. Nikiwa pale chini, shavu kwenye udongo, nikajua kwamba sitaki kufa. Adabu naipenda, lakini kufa sitaki. Nikamwita Esperance nikamwambia anipeleke.

Dispensari ilikuwa tupu, wote wako uwanjani. Lukeba alikuwa amekwisha kutundika shuka nyeupe kutoka darini, upande wangu na upande wake, yeye nyuma ya shuka. Kwenye shuka alikata tundu moja, upana wa viganja viwili. "Mama," akasema, "nitaona hapo tu. Kwengine sitaona." Nilimpenda sana kwa lile tundu, Mungu ananiona.

Wakaniegemeza kwenye mito, nusu nimekaa. Kabla ya kuchoma, lazima ajue maji yamefika wapi, na Mubiligi alikuwa anagonga kifua kwa vidole anasikiliza. Lukeba akamwambia Esperance agonge, yeye asikilize toka nyuma ya shuka. Maskini Esperance, akagonga kama anaomba kufunguliwa mlango. Nikamtoa mkono.

"Niachie. Miaka ishirini nagonga mapipa ya mawese. Hakuna mutu wa Kizuka aliyewahi kuniuzia pipa nusu akasema limejaa."

Nikagonga mwenyewe. Pembeni, karibu na kwapa, mlio ulikuwa wazi. Nikasogea katikati, mlio ukazibika, na ukazibika mahali pengi mno, kushoto na kulia. Nilisikia kwa masikio yangu nilivyojaa. "Hapa limejaa," nikasema. "Hapa pia. Hapa ndio linaanza tupu." Esperance akaweka alama kwa wino, na nyuma ya shuka nikasikia mukwe wangu anapumua haraka haraka.

"Mama, usicheke, usikohoe," akasema.

"Nani anacheka?"

Kwanza sindano ndogo ya kutia ganzi. Halafu ile ndefu. Maumivu hayakuwa makubwa, ilikuwa kama mtu ananisukuma kwa ndani polepole. Naona mikono yake miwili ikitoka kwenye tundu, imetulia kabisa, wakati miguu yake chini ya shuka inatetemeka. Anasonga kidogo, anavuta. Hakuna kitu. Anasonga, anavuta. Hakuna. Halafu kitu kikaachia ndani yangu, na bomba la kioo likajaa mara moja.

Lilijaa jekundu.

Ngoma zilikuwa bado zinapigwa uwanjani. Esperance akafunika mdomo. Mikono ya Lukeba ikasimama. Mimi si muforoma, ila hata mimi nilijua nyekundu ni damu, na damu iko ndani ya moyo.

"Umenichoma moyo?" nikauliza.

"Sijui, mama. Maji ya ugonjwa huu mara nyingine yanakuwa mekundu. Damu ya moyo itaganda. Maji hayagandi." Akamimina kidogo kwenye gilasi, akampa Esperance aishike kwenye mwanga. "Lakini kuganda ni dakika nyingi, na siwezi kuacha sindano hapa dakika nyingi. Kama ni mufuko, nikivuta kidogo mishipa ya shingo itashuka. Kama ni moyo, haitashuka. Esperance, mishipa inafanyaje?"

"Iko... sijui! Iko mikubwa!"

"Inashuka au haishuki?"

"Sijui, Lukeba, sijui! Mimi ninafua mashuka tu hapa!"

Hapo nikaelewa. Alihitaji kuona shingo yangu kwa macho yake, na hakuweza kuomba. Angechomoa ile sindano, anirudishe nyumbani nikafe, kuliko kuniomba jambo lile. Neno lile halikuwa la kwake kulisema. Lilikuwa la kwangu.

Nikashika shuka kwa mkono wa kulia, nikavuta. Ikaanguka yote.

Ndiyo mara ya kwanza kumuona uso. Miaka sita! Alikuwa kijana kuliko nilivyodhani, ana kovu dogo kwenye nyusi, na jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kidevu. Na mimi pale, mwanamke wa miaka hamsini, kifua wazi mbele ya mume wa binti yangu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Yeye hakuangalia kifua. Aliangalia shingo tu, akavuta bomba moja, akaangalia, akavuta la pili, akaangalia.

"Inashuka," akasema. "Mama, inashuka."

Esperance akainua gilasi. Haikuwa imeganda. Akaitikisa, ikacheza kama chai. Basi akavuta bomba baada ya bomba mpaka beseni likapita lita moja, na kila bomba likitoka mimi nilikuwa nashusha pumzi ndefu zaidi. Nilisahau aibu. Nilikuwa navuta hewa tu, naishiba.

Alipomaliza, akaokota shuka, akanifunika, akageuka akatazama ukuta. "Mama, nisamehe," akasema.

"Nani amekuona?" nikamjibu. "Hujaona kitu, sijaonwa."

Saa kumi nikakaa kwenye kiti mbele ya dispensari kupata upepo. Watu wakaanza kurudi kutoka uwanjani. Wakaniona nimekaa wima, napumua kama binadamu. Yesu wangu, maswali! Na kati yao wazee wa kanisa letu, watu wa Fizi, wanaangalia mimi, wanaangalia mlango wa dispensari, wanapiga hesabu ya nani yuko ndani. Nikaogopa. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Dokta wa Usumbura alipita. Dokta Roger. Mweusi mwenzetu."

Mngesikia furaha yao! Siku ileile ya Uhuru, dokta wetu wenyewe, mweusi, wa moyo! Kila mtu alitaka dokta huyo awepo. Nikaona uongo umepokelewa vizuri, nikauongezea miwani. Nikauongezea upara. Lukeba alikuwa mlangoni nyuma yangu, amesikia neno kwa neno, na mukwe hambishii mama mukwe mbele ya watu. Akarudi ndani kuosha vyombo.

Lukeba aliendelea kunichoma sindano za kifua kikuu, maana ndicho kilicholeta yale maji, miezi mingi, kwenye mkono, akiwa amegeuza uso. Nikapona. Njiani akaendelea kuingia majanini. Na kwa kazi yake kubwa kuliko zote, watu walimpa sifa mtu asiyekuwepo.

Mwaka uliofuata Aruna akaugua. Kikohozi, miguu, halafu kukaa ameinama. Lukeba akamchunguza, akamwambia maji yako kwenye mfuko wa moyo, anaweza kuyavuta hapahapa.

Aruna akamcheka, na Aruna hakuwa mtu mbaya, alicheka tu. "Weye ni muforoma wa vidonda, ndugu yangu. Mama Esperance alitibiwa na Dokta Roger mwenyewe. Nami nitakwenda kwake."

Siku hiyo saa sita mukwe wangu akaja nyuma ya ukuta.

"Mama, Aruna anataka kwenda Usumbura kumutafuta Dokta Roger."

Hakuongeza neno. Alisimama tu, namsikia anapumua. Nilijua anachoniomba. Aniombe ruhusa kwa namna gani nyingine? Angesema mwenyewe "ni mimi niliyemutibu", angenivua nguo mbele ya Rumonge nzima. Alikuwa ananipa mimi niseme.

Nikamjibu hivi, na haya ni maneno yangu, sikuyasahau: "Basi aende. Mungu amusindikize."

Aruna alipanda kamyo, lile lori la mawese, kati ya mapipa. Alikufa njiani, kabla hawajafika Gitaza. Walimrudisha jioni, na mimi nilikwenda matangani, nikakaa karibu na Kulthumu, nikamshika mkono siku tatu. Alinilalia begani. Sikusema kitu.

Miezi kumi ikapita. Kulthumu akaanza kukohoa. Kifua kikuu hakiishii kwa mtu mmoja katika nyumba. Nilimuona sokoni anakaa chini kila saa, anasingizia jua. Utani ukaisha. Halafu hakuja kabisa.

Siku ya soko kubwa Lukeba akaja ukutani kwangu. Maneno yake yalikuwa matatu.

"Mama, Kulthumu amepakiwa."

Safari hii hakungoja. Nikasikia miguu yake inaondoka. Nadhani alikuwa amechoka na mimi, na ningekuwa yeye ningechoka mapema zaidi. Nilisimama katikati ya nyumba. Nilikuwa na kifuniko cha sufuria mkononi, sijui nilikiacha wapi. Nilikimbia, mwanamke mzima, bila kilemba.

Kamyo lilikuwa sokoni linawashwa. Kulthumu yuko juu, ameegemezwa kwenye pipa, mishipa ya shingo imesimama, midomo imebadilika rangi. Watu wote wako pale, wauza ndagala, wauza mawese, wazee wa kanisa letu na kofia zao. Nikasimama mbele ya mdomo wa kamyo.

"Zimeni! Hakuna Dokta Roger!"

Wakacheka. Wanajua kelele zangu. Shoferi akapiga honi.

"Hakuna Dokta Roger! Sijamuona, hayuko, nilimutunga! Aliyenitoa maji ni Lukeba, mukwe wangu. Hapa, dispensari hii. Siku ya Uhuru."

Kicheko kikafa. Mzee mmoja wa kanisa akasema polepole, "Mama Esperance, angalia unachosema. Sindano ile inaingia kifuani."

"Ndiyo, kifuani. Aliniona. Kifua chote, na shuka niliivuta mimi, si yeye. Na ningekuwa nimekufa leo."

Mzee akageuza uso, wengine wakageuza pamoja naye. Mwanamke mmoja akatema mate. Nilitegemea hayo. Nilikuwa nimeyaogopa karibu miaka miwili, na yalipokuja niliona ni madogo, kama mvua ya kwanza isiyolowesha hata vumbi. Nikafikiri: kumbe ni haya tu?

Ndipo Kulthumu akasema kutoka juu. Hakupaza sauti, hakuwa na pumzi ya kupaza. Alisema neno, anavuta hewa, anasema lingine.

"Sikujua. Aruna alipopanda. Ulikuwa unajua?"

Ningeweza kusema sikuelewa ugonjwa wake. Ningeweza kusema niliogopa. Uongo mimi naujua, mnaona wenyewe.

"Nilikuwa najua," nikasema.

Aliniangalia. Halafu akanyoosha mkono, si kwangu, kwa Lukeba, ambaye alikuwa amefika na kusimama pembeni ya gurudumu. Lukeba akampokea, akamshusha mikononi mwake. Wakapita mbele yangu kuelekea dispensari. Na mukwe wangu, kwa mara ya kwanza, hakuniepuka njiani. Mimi ndiye niliyeingia majanini kuwapisha.

Alivuta lita moja na nusu. Maji yalikuwa ya njano, safi, na Lukeba hakutetemeka miguu, Esperance ameniambia. Toka siku hiyo wakamjua. Wakatoka Nyanza-Lac, wakatoka Gitaza, wengine kwa mitumbwi, wakaulizia yule wa sindano ya moyo. Aliwatibu kumi na mmoja, akampoteza mmoja, mpaka mwaka wa sabini na mbili. Ya sabini na mbili, mwaka wa mauaji, siyasemi hapa.

Kulthumu yuko mzima. Meza yake na yangu bado zimepakana, ndagala na mawese. Asubuhi akifika anasalimia mstari wote, amahoro kwa huyu, amahoro kwa yule, na akifika kwangu anaruka anaendelea na wa pili. Mimi naitikia hata hivyo, kwa sauti ya chini. Miaka yote hii. Na ana haki.